Sigara za Arap Rono

Mpendwa Chelangat, mtoto wa dada yangu,

Tangu uhamishiwe Mombasa, wagonjwa wa moyo wote kutoka Kapkatet mpaka Mulot wako chini yangu. Daktari mkubwa akinikuta sokoni ananipigia saluti. Ningekupigia simu, lakini ile ya posta imekufa tena.

Unakumbuka mshtuko wa moyo uliponiangusha kwa majani chai, kikapu mgongoni? Ilibidi nibebwe na wanaume kumi, vile nilivyo mzito! Wewe ndiye ulikuwa sista wa wodi. Hukunitisha. Ulikaa hapo kitandani ukauliza tu, "Mjomba, mkono wako hutafuta sigara wakati gani?" Nikasema nikimaliza kukamua, na nikishika kikombe cha chai. Ukaniambia hapo hapo ninywe maji baridi, nitafune mahindi ya kukaanga, nizunguke zizi mpaka hamu ipite. Nilizunguka mpaka ng'ombe wakachoka kuniangalia.

Halafu moyo ukamwangusha Arap Rono pia. Ulinishika bega: "Mjomba, huyu akirudia sigara tutamzika. Wewe ni rika lake. Mimi ni mtoto tu kwake, hatanisikia."

Sasa sikia. Alitoka hospitali akaenda moja kwa moja dukani. Na unajua kwetu, mtu hawezi kumnyima mtu wa rika lake kitu akiombwa. Basi kila asubuhi niko mlangoni kwake. "Rono, naomba sigara." Anatoa. "Naomba na hizo zingine." Anatoa huku akinitukana. Nazitupa kwa shimo la samadi akiona, kisha tunazunguka zizi lake tukitafuna mahindi.

"Wewe ni mwizi mwenye adabu!" alinifokea. Mwishowe akachoka kununulia samadi sigara.

Leo anapanda mlima na kikapu kimejaa, tena anapiga mluzi. Mkewe ananiita daktari. Sikatai. Ni kicheko chako tu tunakikosa huku.

Lakini hii usimsomee mtu. Karani wa kupima majani chai pale kituoni anavuta sana, na mimi huwa natafuta pa kusimama, pale upepo unapopeleka moshi wake. Juzi nilikuwa nimefunga macho kabisa, pua juu. Rono akanivuta mkono kama mtoto, wanawake wote wakiangalia: "Daktari, rudi kwa foleni."

Nikarudi.

Ni mimi mjomba wako, bado mzima