Asante ya Mzee Shabani Ilikuwa Yangu

Ilomba, Mbeya

Mdogo wangu Festo,

Kamwene. Habari za hapo Igowole, na baridi yenu ikoje? Goti la mama linaendeleaje tangu aanze ile dawa ya kuchua? Mimi mwili hauna shida. Kikohozi cha vumbi la nyuzi kimepungua, na kazi ya masweta iko juu kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa. Lakini nikisema sijambo nitakuwa nimekujibu habari ya mwili tu. Nina hasira, Festo, na hasira yenyewe ni juu yako. Kaa chini usome barua hii mpaka mwisho, na kwanza uisome peke yako.

Nimeandika kwa sababu ukipigiwa simu una tabia ya kuweka sauti kubwa ili mama naye asikie, na haya sikutaka ayasikie kwa namna hiyo. Barua nimempa mke wa katekista wenu, aliyekuja huku kumtazama binti yake aliyejifungua. Nimemwambia akupe mkononi.

Habari ya waleti unaijua, maana nilikusimulia wiki ileile. Nitakusimulia tena yote, kutoka mwanzo, nione kama utaisoma bila kuinamisha kichwa.

Ilikuwa mchana. Nilitoka kumwaga maji mbele ya kibanda chetu cha kufumia, nikaiona kwenye mtaro mkavu, waleti nyeusi iliyovimba. Asubuhi ya siku hiyo mzee mmoja mwenye kofia alikuwa ameshuka hapo kwenye bajaji, akamlipa dereva, akaondoka haraka kama mtu anayewahi basi. Niliiingiza ndani nikaifungua mbele ya bosi wetu, Mama Gwakisa. Pesa zilikuwa nyingi. Sikuzihesabu, na mpaka leo sijui zilikuwa ngapi. Niliona kitambulisho chenye sura ya yule mzee na kadi ya duka lake la vitambaa Iringa, yenye namba ya simu.

Sekela, tunayekaa naye mashine kwa mashine, alisema Mungu amenikumbuka. Alisema nitoe pesa, kitambulisho nikiache msikitini, na hakuna atakayejua. Mama Gwakisa alinitazama aone nitafanya nini. Simu yangu ilikuwa imeingia maji siku chache nyuma, kwa hiyo nilimwomba yake, nikampigia mzee. Alikuwa ameshafika Makambako na hajui kama amedondosha kitu. Nilimsikia akijipapasa mifuko, kisha akaanza kumtaja Mungu.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni petu. Nilimpa waleti yake mikono miwili. Aliifungua, akaangalia, akakaa kwenye furushi la nyuzi akalia mbele ya wanawake watano asiowajua. Jina lake Mzee Shabani. Alisema zile pesa si zake, ni za mjane wa marehemu kaka yake. Alikuwa ametumwa Mbeya kuuza kiwanja cha marehemu, na mjane anazisubiri asomeshe watoto.

Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, humu ndani siwezi kukutolea hata shilingi, maana hii ni amana ya yatima. Nipe namba yako. Nikifika kwangu nitakushukuru kwa mali yangu."

Nilimwambia hakuna haja. Akakataa, akasema haja ipo na ni ya kwake. Sasa mimi simu sina. Nikafikiria nani wa kumpa namba yake, nikakufikiria wewe, mdogo wangu wa tumbo moja, uliye pamoja na mama. Nikamwandikia namba yako na jina lako kwenye kipande cha karatasi.

Unakumbuka nilichokuambia nilipoazima simu jioni ile? Nilikuambia kikiingia kitu, umnunulie mama dawa, kinachobaki utunze. Ukasema sawa, dada.

Wiki ikapita. Nikakupigia, ukasema hakuna kilichoingia. Mwezi ukapita, nikakuuliza tena. Ukacheka. Ukasema wazee wa mjini ndivyo walivyo, wakishapata chao wanakusahau, na kwamba ningekuwa na akili ningejikatia changu mapema. Maneno hayo ulinipa wewe, Festo, kwa mdomo wako, huku unajua.

Nikuambie ulichonifanyia, maana najua unafikiri ni habari ya pesa tu. Siku nilipoirudisha ile waleti sikutaka chochote. Nililala vizuri. Lakini mtu akishaahidiwa, anaanza kusubiri, na akisubiri bure anaanza kukasirika. Nilianza kumsema Mzee Shabani. Mteja akija, Sekela ananichokoza niisimulie, na mimi naisimulia, kila mara namfanya mzee kuwa mbaya zaidi. Nilisema alilia machozi ya uongo. Nilisema huenda hata yule mjane hayupo. Nilimwambia Sekela kwamba nikiokota tena, sirudishi. Mimi, binti wa baba yule unayemjua, nilisema hivyo na nilimaanisha.

Kipindi hichohicho mama akanipa habari zako kwa furaha, kwamba umepata kibarua cha kupakia mbao na umenunua simu kubwa ya kugusa. Nikakupongeza! Nilimwambia Mama Gwakisa kwamba mdogo wangu ameanza kuwa mtu mzima.

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita Mama Gwakisa alinituma Iringa kupeleka masweta ya shule moja. Nilipomaliza kukabidhi, nilikuwa na saa tatu kabla ya basi. Ile kadi ya duka nilikuwa naikumbuka. Nilipanda kule sokoni nikauliza, nikaonyeshwa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumwambia mbele ya wateja wake kwamba yeye ni mtu wa maneno matupu.

Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Aliniona mlangoni akasimama, akaacha kanga aliyokuwa anampimia mteja, akamwita mkewe kutoka nyuma. Akamwambia, "Huyu ndiye yule binti wa Mbeya." Yule mama alinikumbatia mbele ya watu, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaleta chai ya tangawizi na maandazi. Alinieleza kwamba watoto wa yule mjane wako shuleni wote wawili, na kwamba mjane mwenyewe ananiombea kwa jina.

Ndipo Mzee Shabani akaniuliza, kwa upole kabisa, "Ile laki mbili ilikufaa, mwanangu?"

Nilishika kikombe kwa nguvu. Nilimuuliza, kama mtu asiyesikia vizuri, kama aliituma kwenye ile namba niliyomwandikia. Akasema aliituma jioni ileile aliyofika, na jina lako likatokea. Kesho yake akapiga kuhakikisha. Kijana mmoja akapokea kwa adabu, akasema yeye ni mdogo wangu, pesa imefika, na dada anashukuru sana ila yuko shamba.

Laki mbili, Festo. Na shukrani ukampa kwa niaba yangu, na shamba ukanipeleka.

Mkewe akasema, akitabasamu lakini nikaona jambo hilo bado linamchoma kidogo, kwamba wao walidhani nimeiona ndogo, kwa sababu sikupiga hata mara moja. Kumbe nilipokuwa namwita yeye mnyimi huku Ilomba, wao kule Iringa walikuwa wananiona mimi sina shukrani.

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Ilinifaa sana, baba. Nisamehe sikupiga, simu iliharibika."

Nilimdanganya yule mzee. Waleti yake nilimrudishia bila kugusa hata noti moja, halafu nikaenda kukaa kwenye kiti cha mkewe, nakunywa chai yao, nikamdanganya usoni. Nilifanya hivyo kwa sababu ningesema kweli, ningekuwa nimesema kwamba mtoto wa mama yangu ni mwizi. Sikuweza. Nilikusitiri kabla hata sijajua nitakuchukia kiasi gani.

Mzee alinifungia na kitenge, zawadi ya mama yetu. Sikutaka kukipokea, mkewe akakisukumiza kwenye mkoba wangu. Bado kiko hapa. Siwezi kukituma mpaka mama ajue kinatoka kwa nani na kwa nini.

Wakati wa kurudi basi lilisimama Nyololo, watu wa Igowole wakashuka. Nikaona magari yenu madogo yakiita abiria. Nilishika kiti cha mbele nikajizuia, kwa sababu ningeshuka siku ile ningekuaibisha mbele ya kijiji kizima.

Sekela nimemwambia ukweli. Nilikuwa nimemchafua mzee mbele yake, ikabidi nimsafishe mbele yake, na nisingeweza kumsafisha bila kukutaja. Aliniuliza kama yule mzee alilazimika kutoa laki mbili kwa kitu kilichokuwa chake mwenyewe. Nikamwambia hakulazimika, wala mimi sikustahili kudai. Angenipa maneno tu yangenitosha. Lakini yeye aliona ni haki yake kunishukuru kwa kiasi hicho, akatoa kwenye mauzo yake mwenyewe, na ulipoizuia uliwanyima watu wawili. Mimi ulininyima kushukuriwa, na yeye ukamnyima kujulikana kwamba ni mtu wa kutimiza ahadi.

Sasa haya ndiyo ninayotaka. Mpigie Mzee Shabani. Namba yake nimeiandika kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha. Mwambie ni wewe uliyeipokea, na kwamba dada yako alikuwa hajui lolote mpaka siku ile dukani, na kwamba pale alidanganya kwa ajili yako. Na mama umwambie mwenyewe. Usimtumie shangazi wala usisubiri mimi. Pesa nayo naitaka, usifikiri nimekuwa mtakatifu. Uza hiyo simu. Ikipungua, pakia mbao kweli safari hii.

Usinipigie kuniambia shetani alikupitia. Ulikuwa na miezi minne ya kusema.

Msalimie mama, umwambie nimepata barua yake na maparachichi yalifika yakiwa hayajaiva, ndivyo nipendavyo. Msalimie shangazi Agripina anayetuombea kila asubuhi, na mjomba Kostansi fundi wetu wa milango. Msalimie na Neema, mchumba wako. Kama unataka kumuoa, mwambie naye, maana mimi nikiulizwa sitasitiri mara ya pili.

Masweta haya yakiisha nitapewa siku nne, nitakuja. Nitafika mchana, na nitaingia jikoni kwa mama kabla ya kukutafuta wewe. Nitamtazama uso. Nikiona hajui, nitamwambia mimi, wewe ukiwa umesimama hapo. Nikiona anajua, nitakuita uje tule.

Mimi dada yako, maana hilo hukuweza kulichukua,

Yustina