Njia Inayopita Kando Yako
Kwa Daktari Nyakio Kiarie, wa Kiamunyi na Bahati

Mwaka umetimia, Nyakio, tangu mshipa ule upasuke kichwani mwako asubuhi ya Jumanne, ukiwa umeinama kufunga kamba za viatu vyako vya kutembelea. Familia imeniachia mimi Kui, dada yako mdogo, nikuandikie. Walidhani nimeelewa kuliko wao. Sijaelewa chochote.

Kwanza, hata kazi yako hatukuwahi kuielewa vizuri. Watu walikuita daktari wakakuletea vidonda na presha, nawe ukawaambia kwa upole kwamba udaktari wako ni wa vitabu. Ulitafiti jinsi watu wanavyotembea na wanavyokaa, na gharama ya magonjwa ambayo nchi hubeba watu wake wasipousogeza mwili. Ulifika hadi mtaa wa Kaptembwo alfajiri kuwauliza vibarua kwa nini wanaenda kazini kwa miguu. Mami, mama yetu, alishangaa sana.

"Si ni kwa sababu hawana fare! Hiyo nayo ni ya kuulizwa na mtu amesoma hivyo?"

Ulicheka. "Na wenye fare, Mami, mbona hawatembei? Na hawa wakipata, wataacha?"

Mami akaenda kuangalia githeri yake jikoni. Ulipenda kututania kwamba kuuliza si ujinga, ni mshahara wako.

Vijana waliokuja kwako kujifunza utafiti uliwalisha kwanza, kwa sababu njaa, ulisema, huharibu maswali. Uliwakataza kuandikia ofisi yoyote ushauri kabla ya kuwauliza wale ambao ushauri huo ungewaangukia. Chai ulikunywa umesimama. Kaka yetu Hiram alikupa lifti, ukaikataa mara nyingi mpaka akanuna.

Ndiyo maana siku ya mazishi tulichomwa mioyo. Mtu mmoja, sahani ya pilau mkononi, aliuliza, "Sasa hiyo mazoezi yote ilimsaidia na nini?" Najua wewe ungesema kwamba mtu mmoja hawezi kujibu swali la watu wengi. Sawa. Lakini sisi tulikuwa na wewe mmoja tu, na nina hasira mpaka sasa.

Kisha ukatuachia fumbo lingine. Tulipokuzika hapa Bahati, kwenye shamba la nyumbani, kando ya Baba, watu walifurika na magari yakakosa nafasi. Jirani yetu Kipkemoi akatoboa ua wake ili yaegeshwe kwake. Waombolezaji wakakata katikati ya mahindi yetu kuja kaburini, wakayalaza yote. Kwa majonzi hatukuziba ua wala kupanda tena upande huo. Wiki iliyofuata watu wakagundua kwamba kupitia hapo ni karibu zaidi na lami na zahanati, na tangu hapo wanapita mchana kutwa, kando kabisa ya kichwa chako.

Hiram alinunua waya na vigingi, afunge mwaka ukitimia. Alisema kaburi si stage ya magari. Mimi nilimuunga mkono asubuhi, jioni nikampinga. Tulivutana mwezi mzima, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye anayejua ungetaka nini.

Aliyetunyamazisha ni Natalie, binti yako. "Mum hangeweka fence bila kuuliza watu wa hiyo njia. Wacha niulize." Huyu naye ameamua kuisomea kazi yako. Tulimsihi achague kitu chenye jina fupi, akakataa.

Basi Jumamosi iliyopita tuliketi pale na Hiram, Natalie akiuliza kila aliyepita. Mama Zeddy, ambaye hupeleka maziwa, alitua mtungi wake. "Mkifunga, itabidi nizunguke hadi junction, na hizi magoti ni za kuombewa." Mzee mmoja alisema, "Fungeni. Tunasumbua mtu amelala." Fundi wa mawe akasema, "Mimi huwa namwambia tu 'sasa, Daktari,' halafu naendelea." Tulichanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Natalie peke yake ndiye aliyefurahi, eti ulimfundisha kwamba wote wakijibu sawa, umeuliza vibaya.

Ndipo tukaona mtu anakuja polepole na fimbo. Alikuwa Mami. Yule yule uliyemsihi miaka na miaka atembee kwa ajili ya ugonjwa wake wa sukari, akakujibu kwamba jembe alilolishika tangu ujana linamtosha. Natalie akamuuliza kama alivyowauliza wengine.

"Shosho, unaenda wapi?"

"Kwa mama yako. Halafu nakunywa chai kwa Kipkemoi, narudi."

"Kila siku?"

"Kwani mlidhani nani humsalimia? Nyinyi mko tao, huko mjini."

"Na tukifunga hapa?"

Mami alimtazama Hiram. "Basi nitakaa kwa nyumba."

Hatukujua tucheke au tulie, Nyakio, tukafanya yote mawili. Maneno yako yote ya miaka ile hayakumtoa kitini. Hiram aliinuka, akaubeba waya wake, akampa Mama Zeddy akazungushie ndama.

Bado hatuelewi kwa nini uliondoka. Lakini njia haitafungwa.

Unakumbukwa na Mami, binti yako Natalie, kaka yako Hiram na mkewe Becky, mimi Kui, wanafunzi wako, jirani Kipkemoi na wote wapitao hapo. Ibada ni Jumapili saa nne, kando ya kaburi. Wageni mnaombwa muache magari kwenye lami, mje kwa miguu.

Hutasahaulika kwetu, Nyakio. Na ukisikia fimbo asubuhi, ni mama yako anatembea.