Medikali ya Kazi ya Basi

Nakuru, Jumapili jioni

Kwa Baba,

Pokea salamu kutoka huku kwa jua, ingawa bado navaa ile sweta ya Molo kwa mazoea. Mgongo wako unaendeleaje? Na viazi vya shamba la chini, lori lilikuja kuvichukua au bado wanawazungusha?

Nimeona heri niandike. Kwa simu ningesema "niko sawa" halafu nikate, unanijua. Ile kazi ya basi la shule sikupata. Nimeanza na hiyo ili usisome barua nzima ukiitafuta.

Medikali, yaani kupimwa na daktari kabla ya kuandikwa kazi, ilifanyiwa hapo shuleni, kwa chumba cha wagonjwa. Tulikuwa wapishi wawili, mzee wa kukata nyasi na mimi. Wapishi walipewa vikopo vya kupimwa choo. Mzee alipimwa presha, akaambiwa ainue gunia. Kumbe daktari haangalii tu kama wewe ni mzima. Anauliza kwanza utafanya kazi gani, halafu anapima mwili kulingana na hiyo kazi. Mimi nilikuwa wa kushusha watoto wadogo wa nasari na kuwavusha barabara, kwa hivyo alitaka macho na masikio.

Macho nilisoma hadi mstari wa mwisho. Halafu akasimama nyuma yangu, akaniambia nizibe sikio la kushoto, yeye anong'one namba nami nizirudie. Nikarudia zote. Akaniambia nizibe la kulia. Nikangoja. Nikangoja sana, nikidhani bado hajaanza. Mwishowe nikatoa kidole.

"Huyu ana aibu, daktari," matroni wa shule, aliyetuleta hapo, alikuwa akisema. "Hata chai hawezi kuitisha."

"Labda ni Kiingereza," daktari akasema. "Wacha tujaribu Kiswahili."

Kiingereza, Baba! Na ile B yangu mliichinjia kuku.

Tukarudia. Kimya. Mpishi mmoja, mama mnene wa vituko, akachungulia mlangoni. Nilimsikia hata na kidole sikioni: "Wee kasichana, taja namba yoyote tu! Wengine tuna njaa!" Wote wakacheka.

Hapa ndipo nataka unielewe. Ningenyamaza tu, matroni angesema tena ni aibu, na daktari angeniandikia nimepita. Nimefanya hivyo tangu utotoni. Ukiniita kutoka mwisho wa shamba nisiitike, wewe ulisema nina kiburi, Mama akasema ni haya. Nilichukua ya Mama kwa sababu mtoto wa haya hagombezwi sana. Na kweli naona haya, sikatai. Lakini darasani nilikuwa nakaa ukuta uwe kushoto kwangu, ili kila mtu awe upande ninaosikia, na sikuwahi kumwambia mtu.

Nikafikiria mtoto wa nasari akiniita "auntie" upande huo mbaya, na bodaboda inakuja upande huo huo. Nikageuka nikasema, "Sisikii. Sio aibu. Hili sikio halisikii." Ilitoka kwa sauti kubwa.

Daktari akamulika ndani. Akauliza kama lilikuwa likitoa usaha nikiwa mdogo. Nikasema ndiyo, na kwamba tulitia mafuta ya moto. Anasema ngoma ya sikio ina tundu. Amenituma kliniki ya masikio, huenda likazibika, hajaahidi. Baba, usianze kujilaumu, na usimlaumu Mama. Hakuna aliyejua.

Daktari hakusema sifai kazi. Alisema nafaa kazi za ndani, za barabara zingoje sikio liangaliwe. Tulipotoka, matroni aliniuliza, "Na mbona hukusema mapema?" Tukatembea kidogo, kisha akahamia upande wangu wa kulia.

Sasa niko kwa dobi ya shule hiyo hiyo, nafua shuka za mabweni. Mashine zinapiga kelele hadi wenye masikio mazima hawasikiani, wote tunaongea kwa mikono.

Nakuomba kitu kimoja. Najua ulishatangaza kanisani kuhusu hiyo kazi ya basi. Na najua utataka kumpigia yule mwalimu aliyetusaidia kupata hiyo nafasi, umwambie mimi ni msichana mwangalifu, wanipe tu. Usipige. Nilijitoa mwenyewe. Wamempa dada mwingine. Asubuhi namwona akishusha watoto: mmoja akiita, anageuka papo hapo, bila kutafuta sauti imetoka wapi. Roho inaniuma kumwona. Lakini sitaki umpigie mwalimu.

Nisalimie Nyanya, na kaka yangu mdogo ambaye nasikia siku hizi ndiye anakamua ng'ombe. Shangazi akiuliza kuhusu basi, mwambie ukweli, asiambiwe tena nina haya. Na Mama umsomee hii yote, polepole, hata hapo pa mafuta.

Ni mimi binti yako,
Kemunto