Majani Juu ya Malata

Mpendwa binti yangu Ndaya,

Mvua imerudi, nami nimekukumbuka wewe kabla ya kukumbuka nguo kwenye kamba.

Ule upepo wa mvua ya mawe uling'oa malata, mabati ya paa letu, ukaangusha ukuta juu ya kitanda chako. Tulikutoa chini ya matofali ukiwa mzima. Tukashukuru, tukadhani yamekwisha. Kumbe masikio yako yalibaki kule chini. Lata likilia tu kwa jua la mchana, uliacha tonge la bukari hewani.

"Mama, inakuya."

"Iko jua tu, mwana. Kula."

Hukula.

Baba yako alichukua baiskeli. Alikwenda Annexe, nje ya mji, akakata majani, akayafunga juu ya malata mapya ili mvua isipige kelele. Majirani walimcheka sana. Mtu hujinyima miaka atoke kwenye majani aingie kwenye malata, na huyu anarudisha majani!

"Baba Ndaya, kichwa yako iko muzuri?"

"Mutoto yangu analala," aliwajibu. Na kweli ulilala.

Kisha vita vya Katanga vikaingia mjini. Mkubwa wa mtaa akaamuru majani yote yashushwe, mabomu yasije yakawasha moto. Yalishuka asubuhi, jioni mvua ikanyesha, nawe ukakimbilia barabarani risasi zikilia. Ndipo tukakupandisha treni ya kwenda Kasai pamoja na nyanya yako, mpaka kelele ziishe. Ulishika kitambaa changu ukauliza, "Kule malata iko?" Nikasema hakuna. Homa ikakuchukua huko kabla vita havijaisha.

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Laiti ningekufunga shuka masikioni nikakaa nawe hapa. Sasa mabomu yamenyamaza, na ni mimi ninayeshtuka sufuria ikianguka.

Wiki hii baba yako alipanda tena juu na majani. Sikumuuliza anamfunikia nani. Jana tukiwa mezani mvua ilinyesha, tukaiona mlangoni bila kuisikia. Nyumba ilitulia mno, nikajikuta nasikiliza kama unapumua kule chumbani. Nilipogeuka, baba yako naye alikuwa ameacha tonge hewani.

Lala, Ndaya. Huku juu kumetulia.

Ni mimi, mama yako.