Adapta Aliyoificha Mama

Osaka, 9 Juni

Mdogo wangu Chizuru,

Mvua haijakatika wiki nzima. Mama anakula vizuri. Bado ananiita fundi wa gesi na kunikaribisha chai.

Ile mashine yetu ya utotoni ya michezo ya video uliyoniomba nimtumie mwanao iligoma kuwaka. Nilisafisha swichi, nikapima fyuzi, vyote vizima. Ndipo nikaona kwamba adapta ya umeme iliyokuwa ndani ya boksi ni ya redio. Yetu aliificha Mama, kama alivyozoea tulipokuwa wavivu wa kusoma.

Juzi nikamuuliza, bila kutarajia jibu, "Mama, adapta iko wapi?"

Aliendelea kumenya maharage. "Kwani umemaliza kazi za shule, Tetsuharu?"

Nina miaka hamsini na mbili, na jina langu halikuwa limemtoka kinywani tangu Februari.

"Bado, Mama."

"Basi usinisumbue. Nenda kasome!"

Jana nilimuuliza tena, na leo pia, akanifokea vilevile, kwa jina. Najua nikisema nimemaliza, atainuka akaitoe.

Mwambie mwanao avumilie. Kazi za shule bado ninazo nyingi.

Kaka yako,
Tetsuharu