Mkono wa Mama kwenye Skrini

Nyaishozi, Jumamosi. Ukungu umegoma kuondoka migombani hadi saa nne, nami nimeamka na kiherehere cha kumalizia ukurasa wangu.

Ni ukurasa wa wavuti unaosoma mtikisiko wa simu. Unaufungua kama unavyofungua habari za mpira, unabonyeza kuuruhusu, na mstari unaanza kujichora kadiri simu inavyosogea. Nimeutengeneza nipime mashimo ya barabara nikiwa kwenye bodaboda.

Asubuhi niliweka simu mezani nikitegemea sifuri. Ikaleta karibu kumi. Nimehangaika na msimbo wa ukurasa hadi chai ikapoa, kumbe sikukosea popote: kipimo kilikuwa kinahisi mvuto wa dunia. Simu imelala kimya, na bado inaijua dunia iliyo chini yake. Nilikaa nikaitazama kama mshamba.

Mama akaiomba, aone kinachonipumbaza.

Mkono wa kulia wa Mama unatetemeka tangu mwaka jana. Kila nikitaja hospitali anasema ni baridi ya huku kwetu. Wageni wakija, ananituma mimi niwapelekee kikapu cha kahawa ya kutafuna, yeye ambaye hakuwahi kumwachia mtu kazi hiyo. Naogopa, na sijawahi kumwambia.

Aliishika simu kwa mkono huo, akaupumzisha mapajani. Mstari ukaanza kurukaruka, mawimbi madogo yakifuatana bila kupumzika. Akaiinua aisogeze machoni, ukatulia. Akaishusha, ukaanza tena. Akarudia, akarudia, macho yamemtoka. Mimi mwenyewe nilisisimka mwili. Mwaka mzima naishi na mkono ule, sikujua kwamba unatetemeka ukipumzika na kutulia ukipewa kazi.

Akauliza ile michoro ni nini. Nikamwambia ni mkono wake.

"Basi siyo baridi," akasema. "Jumatatu unipeleke hospitali, Kayanga."

Ukurasa wangu haujui ugonjwa. Hilo atalisema daktari. Lakini nilichoomba mwaka mzima, mstari mmoja umekipata kabla ya chakula cha mchana.

Jioni jirani yetu amekuja kutusalimia. Nikainuka kufuata kikapu, Mama akanizuia. Amekipeleka mwenyewe. Punje kadhaa zikamwagika mkekani. Hakuuficha mkono, alicheka tu, na jirani akaziokota akatafuna.

Jumatatu tutayapita mashimo yale ya barabarani na Mama, polepole.