Mtoto Asiyeandikiwa Baba

Dodoma, Jumanne

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeshampa jirani kama kawaida yako? Mimi mzima. Vumbi la huku limenizoea, na zabibu za Hombolo ni tamu mpaka nimesahau machungwa ya Muheza. Usinichape.

Kazi bado ni pale pale kwa Bwana Karim. Tangu serikali iruhusu biashara huria ameacha vitambaa. Anauza kompyuta na kuchapia watu barua. Majuzi shule mpya ya sekondari ilitupa kazi ya kuchapa barua za wanafunzi waliochaguliwa. Programu niliiandika mimi, na kosa lilikuwa langu. Inamwuliza mtoto: baba yako nani? Inamwuliza baba: kijiji chako kipi? Inakiuliza kijiji: sanduku lako la posta lipi? Ilipofika kwa binti anayeitwa Nyemo, wa Kongwa, nafasi ya baba ilikuwa tupu. Ikaenda kuuliza kijiji cha mtu asiyekuwepo, ikaanguka. Waliomfuata kwenye orodha nao wakakosa barua.

Karani wetu, Mzee Chilewa, ni mtu wa heshima zake. Aliona aibu mtoto kuachwa bila baba kwenye karatasi, basi bila kuniambia akajaza jina la mwenyekiti wa kijiji chake mwenyewe kila palipokuwa patupu. Watoto saba, Mama. Mashine ikachapa bila kinyongo, barua zote saba zikaenda kwa mwenyekiti. Siku ya tatu mkewe akaingia dukani amezishika, akasalimia vizuri, akakaa.

"Nimekuja kuulizia mama zao," akasema.

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Kicheko kilikatika nilipokumbuka kwamba shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu, na asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Bwana Karim akaniambia niwafute wale saba, kwa kuwa mashine haiwezi kusoma kisichokuwepo.

"Haiwezi kwa sababu sikuifundisha," nikamjibu. "Nyemo yupo. Amefaulu."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimwambia vitabu nilivyosoma vinatosha kunionyesha kwamba dhuluma nyingi za ofisini huanza na fomu, na anayeijaza hunawa mikono. Akanuna. Nami nikakaa kuirekebisha.

Sasa, kabla ya kila swali, programu inatazama kama kuna wa kuulizwa. Kama hayupo, haianguki wala haibuni mtu: inarudi na jibu kwamba hakuna, kazi inaendelea. Upande wa baba ukiisha bila anwani, inafuata upande wa mama kwa uangalifu ule ule. Wote wawili wakikosekana, inaandika jina la mtoto pembeni ili binadamu akatafute.

Wa kwanza kuijaribu programu kwa jina lake nilikuwa mimi mwenyewe. Nilikumbuka siku ya kuniandikisha shule, mwalimu mkuu akikubembeleza uandike jina la mjomba ili daftari lake lisiwe na pengo. Ulimwambia, "Pengo ni la daftari lako, mwalimu. Mtoto wangu huyu hapa." Nikabonyeza, na kwenye kioo likatokea jina lako, kijiji chetu na sanduku letu la posta.

Barua zikatoka zote. Bwana Karim, bado amenuna, akatoa pikapu yake mwenyewe kupeleka zile saba. Mtoto mmoja hakuwa na baba wala mama kwenye fomu. Mzee Chilewa alikwenda mwenyewe kumtafuta bibi yake, akampata. Na jana Nyemo alipita dukani na mama yake, sanduku la bati kichwani, wakielekea shuleni. Yule mama alinionyesha bahasha, kidole kikiwa juu ya jina lake.

Nisalimie mjomba Hatibu, fundi baiskeli wetu, na mwambie jina lake bado silihitaji. Msalimie pia Bibi Mwanahawa, mkunga aliyenipokea.

Mwanao mgomvi,
Zubeda binti Mwanaidi